Mbwa Akimwogopa Daktari, Lawama ni Yetu

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii sisi twaitumia kwa binadamu tu, kana kwamba hofu ni mali yetu peke yetu. Leo naomba ruhusa ya wasomaji niitumie kwa mbwa. Najua wako watakaolikunja gazeti hapa hapa, kwani katika majumba yetu ya Pwani paka hulala mkekani pamoja nasi, na punda huitwa kwa jina lake, lakini mbwa hatajwi ila kwa matusi. Nawasihi hao wanivumilie kidogo. Jambo lenyewe halimhusu mbwa peke yake. Lahusu mkono wa kijana mmoja, na kesho laweza kumhusu mtoto wako au wangu.

YALIYOTUPATA

Mimi ni mtu wa Mombasa, lakini riziki imeniweka Eastleigh, Nairobi, miaka mingi sasa. Mtaa huu, tangu ile nyumba ya wageni ya Garissa Lodge ilipogeuka kuwa soko mwanzoni mwa miaka ya 1990, umejaa maduka hadi ghorofani. Penye mali hapakosi mwizi, na penye mwizi hapakosi mbwa. Ukipita usiku nyuma ya maduka utawasikia wakibweka kutoka uani mwa kila ploti. Mchana huwaoni, kwani wamefungwa minyororo chini ya ngazi au nyuma ya matangi ya maji. Wenye mbwa hao ni watu wa dini zote, sisi Waislamu tukiwamo. Tusijifanye kwamba mambo haya ni ya jirani.

Ploti yetu nayo ina mbwa wake, aitwaye Simba. Mwenye ploti alimnunua akiwa mkubwa tayari, akamfunga uani, na tangu siku hiyo hakutoka nje ya geti. Aliyemlisha ni bawabu, mzee wa Kikamba. Sisi wapangaji kazi yetu ilikuwa kupita mbali naye, na kazi ya watoto wetu ilikuwa kumtupia mawe watokapo madrasa. Sikumbuki hata siku moja kuwakataza.

Ikaja habari kwamba mtaa wa pili kuna mbwa aliyewauma watu, na mwenye ploti akaamuru Simba apelekwe kwa daktari wa mifugo akachanjwe. Bawabu akasema, "Bwana, mbwa huyu hajui barabara. Nipeni siku nimzoeze." Nani angemsikiliza bawabu? Mimi mwenyewe nilikuwa katika waliosema afungwe kamba avutwe, mbwa ni mbwa tu. Vijana watatu wakamtia kamba shingoni, wakamburura saa nne za mchana katikati ya mikokoteni, matatu, honi na wachuuzi. Alipofika kwa daktari mkia ulikuwa umeingia tumboni na mkojo ulikuwa ukimtoka. Wakamwinua wakamweka juu ya meza. Aliposikia harufu ya dawa, na baridi ya chuma chini ya makucha, aligeuka akamng'ata kijana mmoja, meno yakazama kati ya kidole gumba na kiganja.

Kijana yule ni hamali. Mkono ndio duka lake. Mbwa alirudishwa nyumbani bila chanjo, na aliyechanjwa akawa yeye, sindano baada ya sindano kwa siku zilizopangwa na hospitali. Kwa majuma matatu hakubeba furushi. Mwenye ploti alilipa dawa, lakini siku za kazi zilizopotea hakuna aliyezilipa. Simba alitazamwa kwa siku kumi, hakuonyesha ugonjwa, nasi tukamshukuru Mungu. Hata hivyo kila nionapo kovu lile kwenye kiganja cha kijana, najua kwamba sauti yangu ilikuwamo katika zile zilizosema, "Mvuteni!"

UGONJWA USIO NA MZAHA

Pengine msomaji atauliza, kwani lazima mbwa aende kwa daktari? Jawabu ni kwamba kichaa cha mbwa hakina mzaha. Ugonjwa huu hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, huingia kwa jeraha, kisha huifuata mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, kupona ni kwa nadra mno. Shirika la Afya Duniani hutaja makadirio ya watu 59,000 wanaokufa kwa mwaka ulimwenguni, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi wao katika Afrika na Asia. Takriban wanne katika kila kumi ni watoto wasiotimiza miaka 15. Mtoto ndiye amkaribiaye mbwa bila kufikiri, na akiumwa hunyamaza akiogopa kugombezwa.

Kwa Nairobi ugonjwa huu si mgeni. Hapa Kenya ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa aliyepatikana pembezoni mwa mji huu. Mwaka 2014 serikali ilitoa mpango wa kuukomesha ufikapo mwaka 2030, na nguzo ya mpango huo ni kuwachanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Wataalamu wamekubaliana kwamba ukiwachanja kiasi hicho, mwaka hata mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Anayedhani haya ni ndoto na ageuze uso atazame Pemba. Kisiwani kule, ambako karibu watu wote ni Waislamu, chanjo za mbwa ziliung'oa ugonjwa ikafika mwaka 2014. Mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje. Watu wakarudi kwenye chanjo, na kufika mwishoni mwa 2018 ukawa umezimwa mara ya pili. Wapemba hawakufanya hivyo kwa kuwapenda mbwa kuliko sisi. Walifanya kwa kuwapenda watoto wao.

Sasa fikiri. Ni mbwa gani ambaye siku ya chanjo hafikishwi? Ni yule ambaye hakamatiki. Ni huyu wetu wa mnyororo, asiyejua mkono wa mtu ila unapomfunga au kumpiga. Tumemfuga awe mkali, na ukali huo huo ndio unaomnyima chanjo. Matokeo yake mbwa aliye karibu zaidi na milango yetu ndiye asiye na kinga. Hili ndilo jambo ninaloliona kuwa kosa letu kubwa, wala si la mbwa.

DINI HAIKUTUPA KISINGIZIO

Nikisema haya barazani, haipiti dakika kabla ya mtu kuniambia, "Lakini mbwa ni najisi." Nami sibishi. Sisi wa madhehebu ya Imamu Shafi twajua tangu chuoni kwamba mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Twajua pia kwamba anayefuga mbwa bila haja hupungukiwa thawabu kila siku, isipokuwa kwa kuwinda, kulinda mifugo au kulinda mashamba, na wanavyuoni wengi wamepima ulinzi wa nyumba kwa mizani hiyo hiyo. Lakini najisi ni hukumu ya maji na udongo. Haikuwa kamwe ruhusa ya mawe.

Watoto wetu husomeshwa Sura ya Al-Kahf, na ndani yake yumo mbwa aliyelala kizingitini mwa pango, akinyoosha miguu yake ya mbele, akiwalinda vijana wa Mungu. Katika Sura ya Al-Maida twafundishwa uhalali wa windo lililokamatwa na mnyama aliyefunzwa, na kufunza ni kazi ya subira. Nani kati yetu hajasikia hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa madhambi yake? Nani hajasikia ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha? Tena Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba hata mnyama wa kuchinjwa afanyiwe wema, na kisu kinolewe ili asiteseke. Ikiwa mnyama anayekwenda kuchinjwa ana haki ya kutulizwa, basi anayekwenda kutibiwa ataonyeshwaje marungu?

Mwanachuoni mkubwa wa Kishafi, Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 1262, aliandika orodha ya haki za wanyama juu ya wenyewe. Alisema mwenye mnyama hana budi kumlisha na kumtunza hata akizeeka au akiugua na manufaa yake yakakatika, wala asimtwike asiloliweza. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka 700 iliyopita, kabla mtu yeyote hajasikia neno chama cha kutetea wanyama. Nasi watu wa Pwani tumekwisha kuonyesha kwamba twaweza. Lamu pana kituo cha kuwatibu punda tangu mwaka 1987, na mwenye punda haoni haya kumpeleka mnyama wake pale. Basi haya ya kumtibu mbwa anayetulindia maduka yatoka wapi?

Kuhusu tahadhari za tohara, njia zipo. Kikavu kikimgusa kikavu hakiambukizi najisi. Pana glavu, pana koti la kazi linaloachwa uani, pana maji na udongo. Wafuasi wa Imamu Malik, wao humhesabu mbwa kuwa tohara. Mwenye shaka na amwulize shekhe wake, lakini asimwulize kwa nia ya kupata sababu ya kutofanya lolote.

WOGA SI KIBURI

Baada ya mkasa ule bawabu alipewa ruhusa aliyoiomba. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua na mbwa mwenye kiburi kiasi kile. Akanijibu, "Bwana, huyu hana kiburi. Huyu ana woga." Nikaanza kuteremka uani kila siku baada ya sala ya alfajiri kumtazama, na niliyoyaona ndiyo nataka kuwapa wasomaji, pamoja na yale niliyoyathibitisha kwa madaktari wa mifugo.

Kwanza ni kujua lugha ya mbwa. Mbwa hang'ati ghafla kama tunavyodhani. Kabla ya hapo huwa amesema mara nyingi. Hugeuza uso, hulamba midomo ingawa hapana chakula, hupiga miayo ingawa hana usingizi, huyalaza masikio nyuma, huonyesha weupe wa jicho, huuficha mkia. Asiposikilizwa hunguruma. Sisi akinguruma twampiga, nasi twadhani tumemtia adabu. Kumbe tumemfundisha kwamba kunguruma hakufai, na siku nyingine atauma bila kutoa onyo.

Pili ni kuibadili maana ya mkono. Bawabu alianza kwa kukaa ubavu, bila kumkazia macho, akimtupia vipande vya matumbo alivyopewa na mwenye bucha. Baada ya siku kadhaa akamgusa bega, akampa kipande. Kisha sikio, kipande. Kisha mguu, kipande. Kisha akamshika ngozi ya shingo na kuibana kidogo, vile daktari abanavyo kabla ya sindano, na kipande kikafuata papo hapo. Mbwa akijivuta, mzee alirudi nyuma hatua moja, akaanza pale alipoachia. Kila siku dakika tano, haikuzidi. Haraka haraka haina baraka, na katika kazi hii haraka ya siku moja huvunja kazi ya juma zima.

Tatu ni kikapu cha mdomoni. Msomaji asidhani kwamba ni mateso. Kile cha kikapu, chenye nafasi, humwacha mbwa ahaketi, anywe maji na apokee chakula, lakini meno hayamfikii mtu. Kile cha kitambaa kinachoubana mdomo kisikae muda mrefu, maana mbwa hupoza mwili wake kwa kuhaha. Siri ni kwamba kikapu hakivishwi kwa nguvu siku ya daktari. Bawabu alikitumia kama sahani kwanza. Alitia nyama ndani, mbwa akaingiza pua mwenyewe, akala, akatoka. Ilichukua siku nyingi kabla hajaufunga mkanda, tena kwa muda wa kuhesabu mpaka tano tu.

Nne ni njia. Eastleigh ya saa nne na Eastleigh ya alfajiri ni miji miwili. Mzee alimtoa getini baada ya sala, maduka yakiwa yamefungwa na mikokoteni imelala. Siku ya kwanza walifika kwenye nguzo ya taa wakarudi. Baadaye wakafika kona. Hatimaye wakafika mlangoni kwa daktari, wakala nyama pale nje, wakarudi bila kuingia. Ziara hizi za bure zina faida kubwa, kwani mbwa hujifunza kwamba si kila aendapo pale atachomwa.

Tano ni daktari mwenyewe. Asione haya kuambiwa, "Mbwa huyu ni mwoga." Mbwa wa namna hii na aandikiwe saa ya mwanzo au ya mwisho, wakati hapana mbwa wengine. Angoje nje, si ndani kwenye kelele. Si lazima apandishwe mezani. Atibiwe chini, juu ya gunia lake mwenyewe lenye harufu ya nyumbani, ili miguu isiteleze. Anayemjua ndiye amshike, na watu wengine watoke, kwa sababu watu watano wanaomkandamiza humzidishia hofu hata akawa na nguvu za simba wa kweli. Na kama hofu imepita kiasi, daktari anayo dawa ya kutuliza ambayo hupewa nyumbani kabla ya safari. Hiyo ni kazi ya daktari. Mtu asimpe mbwa vidonge vyake vya maumivu, kwani baadhi ya dawa zinazotufaa sisi ni sumu kwake.

Yote haya ni mazito kwa sababu twaanza tumechelewa. Samaki mkunje angali mbichi. Kitoto cha mbwa, tangu kitimizapo majuma matatu hadi kufikia miezi mitatu hivi, hupokea dunia kwa wepesi ambao hautarudi tena. Kikiguswa kwa upole siku hizo, kikasikia kelele za mtaa bila kuumizwa, hukua bila hofu ya daktari wala ya watoto. Na atayeniambia kwamba mbwa mpole hafai ulinzi, namjibu kwamba ulinzi ni kubweka na kutambua mgeni. Mbwa aliyetiwa wazimu kwa woga humwuma mwenyeji pia.

NINALOLIOMBA

Lililompata Simba ni hili. Baada ya majuma saba daktari alikubali kuja yeye uani kwetu, asubuhi mapema, bila koti jeupe. Alichuchumaa ubavu. Bawabu akamvisha mbwa kikapu, akampitishia vipande vya nyama, na sindano ikaingia ikatoka wakati Simba anatafuna. Haikutimia dakika moja. Sitawadanganya kwamba mbwa yule amekuwa malaika. Akimwona daktari bado hunguruma. Lakini ana chanjo, na hakuna mkono mwingine ulioumwa.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa wenye maploti wa Eastleigh, Pumwani na kwetu Pwani vile vile: mkinunua mbwa, nunueni na muda wa mtu wa kumzoeza, na mlipeni bawabu kwa kazi hiyo, kwani si kazi ya bure. Kwa wazazi na walimu wa madrasa: wakatazeni watoto mawe. Tena wafundisheni kwamba akiumwa au akikwaruzwa aseme mara moja, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali bila kungoja. Kwa wanaopanga siku za chanjo: msingoje mbwa wa mnyororo aletwe uwanjani, kwa sababu hataletwa. Mfuateni uani.

Kijana wetu hamali amerudi kazini. Akifika ploti yetu na mzigo hupita geti la nyuma, mbali na Simba, na mkono wake huuficha kifuani. Simba naye akimwona mtu ameshika kamba hujibanza nyuma ya tangi. Wote wawili wanashtushwa na ung'ongo. Nyoka tulikuwa sisi, tuliosimama getini tukisema avutwe.